Pimbi na Feni Kubwa Kuliko Zote

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na nani?

Pakawa na mkubwa!

Na nani mwingine?

Na mdogo!

Nani alisema sana?

Mkubwa!

Na nani alinyamaza akatenda?

Ahaa, hapo mmenyamaza. Basi kaeni vizuri niwaambie. Na wewe unayesinzia kule nyuma, amka, hadithi hii haimngoji mtu.

Hapo kale, wanyama walipokuwa na maneno kama sisi na maduka kama sisi, palikuwa na jabali, na chini ya jabali palikuwa na kisima. Kisima kimoja tu, nchi nzima. Na sheria ya kisima ilikuwa hii: ukoo wa aliyekichimba hunywa kwanza, wengine hufuata. Sheria ilikuwa nzuri. Shida ilikuwa nani anaisema.

Maana aliyekichimba kisima kile ni bibi yake Pimbi. Pimbi mnamjua, yule mnyama wa mawe, mdogo, mnene kidogo, ukimwona kwa mbali utasema ni sungura aliyenyang'anywa masikio. Bibi yake alikichimba kwa kucha zake, kwaru, kwaru, kwaru, mwaka wa kiangazi kikali. Bibi akafa. Tembo akaja akasema, "Kisima hiki alikichimba babu yangu." Nani alimbishia? Mwenye miguu kama ile habishiwi. Basi Tembo akawa anakunywa kwanza, akishakunywa anaoga, akishaoga anagaagaa humo humo. Akitoka, Pimbi na wadogo wenzake wanakunywa tope. Na kabla ya kulinywa hilo tope lazima wamwamkie shikamoo mara tatu.

Wasomi husema Pimbi na Tembo ni ndugu, ukoo wao mmoja. Mwambieni Tembo, mwone.

Pimbi jambo hilo lilimkaa rohoni. Tope lilimuuma, lakini ule uongo juu ya bibi yake ulimuuma zaidi, akilala unamuuma, akiamka unamuuma.

Sasa, kulikuwa na duka la Ngedere. Ngedere alikuwa fundi wa kompyuta. Kwake hununui mashine nzima. Unachagua kifaa kimoja kimoja, yeye anakuungia. Na malipo yake ni asali, hataki kingine. Alikuwa akijisifu, "Nikikuungia mashine ya nguvu, utachora picha zikatembea, zikaonekana ukutani kubwa kama kitu chenyewe!"

Pimbi akasema moyoni, "Nitamchora bibi yangu akichimba. Siku ya Kisima nitawaonyesha wote."

Siku ya Kisima ilikuwa mara moja kwa mwaka. Siku hiyo mwenye neno kuhusu kisima huruhusiwa kulisema. Kila mwaka mwenye neno alikuwa Tembo.

Wadogo wakakusanya asali msimu mzima. Panya kaleta, Kindi kaleta, Nguchiro kaleta na uso umevimba kwa kuumwa na nyuki. Ikajaa mitungi saba. Pimbi naye akaandika orodha ya vifaa kwenye jani la mgomba. Akaandika, akafuta, akaandika tena, maana vifaa vya kompyuta ni kama watu wa nyumba moja, wasipopatana hakuna kinachoiva. Hiki kina nguvu, kile kiweze kukilisha. Hiki kina joto, kile kiweze kukipoza. Mpaka orodha ikakaa sawa.

Wakafika dukani. Mara wakasikia nyuma yao, du! du! du!

"Asali ya nani hii?" Tembo akauliza.

"Shikamoo mzee," akasema Pimbi. "Ni yetu."

"Nyuki walikula maua ya msitu wa nani?"

"Wa... wetu sote, mzee."

"Wangu. Basi na asali yangu. Na kompyuta yangu. Nimesikia unataka kuonyesha picha Siku ya Kisima. Mimi nitaonyesha picha. Ya babu yangu." Akaweka mguu juu ya orodha ya Pimbi, akausugua hivi, na hivi.

Wadogo wote wakatawanyika, pukuchu! Pimbi akabaki. Akalitazama jani lake limekuwa uji, akasema moyoni, "Umekanyaga jani tu. Yaliyoandikwa ninayo kichwani."

Kisha akasema kwa sauti, "Umesema kweli, mzee. Niruhusu nikubebee mtungi."

Ngedere akapanga vifaa mezani. "Hizi ni prosesa, ndiyo akili ya mashine. Hii ndogo, hii ya kati, hii kubwa."

"Kubwa!"

"Mzee, hii ya kati ingekutosha, tena—"

"Nimesema kubwa! Mimi nani?"

"Mkubwa," akaitikia Pimbi.

"Na mkubwa huchukua nini?"

"Kikubwa."

Ngedere akaleta kadi za picha. "Hizi ndizo zinazochora. Hii ndogo, hii ya kati. Na hii kubwa, mzee, ni moto wa kuotea mbali."

"Nitauotea karibu! Lete kubwa! Mimi nani?"

"Mkubwa."

"Na mkubwa huchukua nini?"

"Kikubwa."

Likaja kasha la kuwekea vifaa, akachukua la ukubwa wa kabati la nguo. Kikaja kisanduku cha kugawa umeme, akachukua kikubwa. Vikaja vipande vya kumbukumbu, mtu huchukua viwili, Tembo akakomba vyote. Ngedere jasho linamtoka. Akainama akamnong'oneza Pimbi, "Mashine hii itawaka joto tukaangie mayai. Joto likizidi inazima yenyewe, tii! Feni yangu yoyote haiiwezi."

Pimbi akatega sikio. Akamtazama Tembo. Akayatazama masikio ya Tembo. Akayatazama tena.

"Mzee," akasema, "bado feni."

Ngedere akaleta feni. Ndogo kama kisahani, ya kati kama sahani, kubwa kama sinia.

"Hiyo ndiyo kubwa?" Tembo akauliza.

"Ndiyo kubwa, mzee."

"Hiyo ni ndogo!"

Pimbi akaguna. "Kubwa kuliko zote haimo humu dukani. Namjua mwenye nayo. Lakini tusimtaje. Yeye ni mkubwa mno, hakubali kuombwa."

Tembo akageuka mzima mzima, rafu mbili zikaanguka. "Mkubwa mno? Kunizidi mimi? Mtaje!"

"Naogopa."

"Mtaje!"

"Ni wewe, mzee. Tikisa masikio, uone."

Tembo akatikisa. Fwaa! Makaratasi yakaruka. Fwaa! Maboksi yakaruka. Fwaa! Ngedere mwenyewe akaruka, akashikilia mlango.

"Nani mwingine ana feni kama hii?" Tembo akanguruma, furaha imemjaa.

"Hakuna," akasema Pimbi, na hapo alisema kweli tupu.

"Basi rudisha hayo masinia yako! Feni ni mimi!"

Mmesikia nyinyi wenyewe. Pimbi hakumlazimisha mtu.

Ikabaki kibodi ya kuandikia. Tembo akachukua kubwa, akaijaribu kwa mguu. Kraa! Akachukua ya kati. Kraa! Ikabaki moja, ndogo, vitufe vyake kama punje za mahindi. Tembo akaitazama, akautazama mguu wake.

"Pimbi, wewe utaandika. Mimi nitaamrisha."

"Kama unavyotaka, mzee."

Ngedere akaipeleka mashine pangoni pale jabalini, akatandaza sola juu ya mawe, akaongeza na taa ya kurushia picha ukutani, bakshishi. Kasha likawekwa juu ya jiwe mlangoni. Pimbi akakaa mbele ya kioo cha mashine. Tembo akaja akasimama, akachungulia kioo.

"Hapana, mzee," akasema Pimbi. "Masikio hutupa upepo nyuma, hayatupi mbele. Simama utazame nje, mashine ikae nyuma ya sikio."

"Nikitazama nje nitaonaje picha?"

"Mzee, umewahi kuona feni inayotazama kioo?"

Tembo akafikiri. Hakuwahi kuiona. Akageuka, akatazama nje, akaanza. Fwaa, fwaa, fwaa. Mashine ikavuma, vuuu! Pimbi akaandika, tiki-tiki-tiki.

Saa moja ikapita, Tembo akasimama ajikune. Mashine ikasema tii! Ikazima.

"Basi, mzee," akasema Pimbi kwa huzuni, "babu amefutika. Tuanze upya." Tangu hapo Tembo hakuthubutu kujikuna. Inzi akitua juu yake, anamwacha. Na shingo yake mnaijua, fupi, haigeuki. Asubuhi fwaa, jioni fwaa, siku kumi na mbili.

"Pimbi! Umemchora?"

"Nimemchora aliyechimba."

"Ana nguvu?"

"Ana nguvu za ajabu."

"Anaonekana vizuri?"

"Hata mimi nikimtazama, machozi yananitoka," akasema Pimbi, na yalikuwa yanamtoka kweli, maana alikuwa amefika kwenye kucha za bibi yake.

Siku ya Kisima ikafika. Wanyama wakaingia pangoni wakubwa kwa wadogo, Nyati, Swala, Nguruwe, Panya, na Kobe mzee kuliko wote, mwenye kutembea kwa kusukumwa. Wakakaa kutazama ukuta wa ndani. Tembo akasimama mlangoni, mgongo kwao, uso nje. Mwili wake uliziba mwanga, ndani kukawa na giza zuri la picha.

"Leo mtajua kisima ni cha nani!" akapaza sauti.

Pimbi akabonyeza kitufe.

Ukutani akatokea bibi. Mdogo, mnene, peke yake juani. Kwaru, kwaru, kwaru. Bibi akachimba mpaka kucha zikatoka damu. Akalala kwenye shimo, akaamka, akachimba. Kisha maji, chururu! Kisha akatokea tembo mmoja, mbavu nje, ulimi nje, akapiga magoti mbele ya bibi kuomba. Bibi akampa. Tembo yule akanywa, akanywa, akainuka, akakikalia kisima.

Hakuna aliyepiga makofi. Waliogopa. Kila mmoja aliitazama miguu mlangoni, akaona afadhali anyamaze.

Hapo Kobe akatoa kichwa.

"Ni kweli," akasema. "Nilikuwepo. Maji ya kwanza alinipa mimi. Nimejua miaka yote hii, nikajificha ndani ya gamba langu kwa woga. Nimechoka kujificha."

Nyati akapiga kwato. Panya akapiga makofi. Wote wakapiga makofi, jabali likatikisika. Na Tembo? Fwaa zake mwenyewe zilimzibia maneno, akasikia makofi tu. "Wamempenda babu!" akasema, akazidisha upepo, fwaa! fwaa! fwaa! Picha hazijapata kutoka safi kama siku ile.

Zilipokwisha, wanyama wakapenya mmoja mmoja kando ya Tembo, kuelekea kisimani.

"Pole na kazi," akasema Nyati.

"Marahaba!" akajibu Tembo.

"Pole na kazi," akasema Panya.

"Marahaba, marahaba!"

Mwisho akabaki Pimbi. Akapanda juu ya kasha la mashine, macho yake yakawa sawa na jicho la Tembo.

"Pole na kazi, binamu."

"Binamu? Shikamoo yangu iko wapi?"

"Nimempa Kobe."

"Kwani... wamemwonaje babu yangu?"

"Wamemwona vizuri. Pale alipopiga magoti kumwomba bibi yangu maji, ndipo waliponyamaza kabisa."

Masikio ya Tembo yakasimama. Mashine ikasema tii! Akageuka mzima mzima, ukuta ulikuwa mweupe, hauna kitu. Akakimbilia kisimani, du, du, du! Huko akakuta foleni. Mbele watoto wa Pimbi, nyuma yao Kobe, nyuma yake Panya, Kindi, Nguchiro, mpaka Nyati na pembe zake. Tembo akainua mguu.

Hakuna aliyekimbia.

Akangoja wakimbie. Hawakukimbia. Mguu ukakaa hewani, ukachoka, ukashuka polepole.

"Foleni inaanzia kule nyuma, binamu," akasema Pimbi. "Na usikanyage mtu."

Akaenda nyuma. Na ndiyo maana mpaka leo Tembo akisimama hupepea masikio, hata pasipo joto. Anaogopa kitu kitazima.

Sasa funzo, maana hamwezi kuondoka bila funzo. Hadithi hii inatufundisha tuwaheshimu wakubwa, tusiwabishie hata siku moja, tuwape kila walichotaka, tena kikubwa kuliko vyote. Bila wao nani angepepea? Na mwenye kwenda dukani kuchagua vifaa vya kompyuta asijisumbue na orodha. Achukue kikubwa, kikubwa, kikubwa. Ila ahakikishe ana masikio ya kutosha.

Hadithi yangu naitua hapa, pembeni ya kisima. Mwenye kiu apange foleni. Na aliye mkubwa kuliko wote kati yenu asogee karibu, anipepee kidogo. Joto limezidi.