Inchi Moja ya Mama

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wapo wanaoitumia methali hii kumtimua mgeni kwa adabu. Maana yake si hiyo. Anayepewa jembe hafukuzwi. Anafanywa mtu wa nyumbani.

Nyumba aliyokulia mtunzi wa programu, ambaye mtaani walimwita Mtaalamu, haikujua upweke. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na chumba chake kilifurika wanawake, vicheko na umbea uliotoka jikoni moto moto. Mgeni aliyezidisha siku mbili alisukumiwa bakuli la vifungo: "Midomo iseme, mikono ishone!"

Mtaalamu alimtungia mama programu ya kuchora mikato ya nguo kutokana na vipimo. Tepu ya mama ilikuwa imekatika inchi ya kwanza, naye hakutaka kusikia habari ya tepu nyingine. Basi programu ikapunguza inchi moja iliyozidi katika kila kipimo. Mama alipofariki, Mtaalamu aliiweka mtandaoni bure, msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, ukiwa wazi, kila fundi aichukue. Mwanzoni walikuwa kumi, wakimwandikia salamu na porojo hadi akahisi chumba kile kimefufuka. Wakafika mia, kisha maelfu. Wenye tepu nzima wakashona nguo za kubana kama ngozi ya ngoma, na matusi yakamiminika.

Fundi mmoja wa mbali, aliyejiita Bi Pindo, alimtumia marekebisho mara tatu. Hakumjibu. Kuiondoa inchi ile aliona ni kumzika mama mara ya pili.

Mchana mmoja shangazi yake alimkuta kavimba kama chura.

"Naifuta programu yote, Shangazi! Nimewapa bure, bado wananitukana. Wananidai nini?"

"Kuwashonea, hawakudai. Ila watu wanaharibu vitambaa kwa siri ya tepu ambayo hukuwaambia. Hiyo wanakudai."

"Msimbo si uko wazi? Watengeneze wenyewe!"

"Jembe la kutundikwa ukutani ni pambo, baba. Huyo Bi Pindo uliyenisimulia kakunyooshea mkono mara tatu, umeuacha hewani. Mama yako angemnyima mtu vifungo?"

Mtaalamu alitaka kubisha. Akakumbuka bakuli lile likizunguka goti hadi goti, na mama akicheka na sindano mdomoni. Akaketi, akawaandikia mafundi wote habari ya tepu, akaomba radhi. Akaongeza kwamba inchi itaondolewa, na kwamba tangu siku hiyo Bi Pindo ana ruhusa sawa na yake ya kupokea marekebisho na kuyaingiza kwenye programu.

Jibu la Bi Pindo halikuchelewa: "Pole, mwanangu. Inchi ya mama usiitupe. Tuiweke pembeni, anayeitaka aichague. Tepu yangu ya pili panya kaila inchi ya kwanza, nitaihitaji hiyo!"

Siku zilizofuata, huyu akarekebisha kola, yule mikono ya gauni, na katikati ya kazi wakateta wateja wasiojua kutulia wakipimwa. Walalamishi hawakuisha, lakini kila aliyelalamika sasa alikutana na swali la Bi Pindo: "Haya, wewe unashika kipande gani?" Mtaalamu akisoma, alikuwa akicheka peke yake, kisha akajikuta hayuko peke yake tena.

Ama kweli, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.