Moshi Hupaa, Yai Husema

Moshi hupaa, yai husema. Mmeyasikia maneno hayo leo dukani, mkacheka, mkaniuliza yai lina mdomo gani. Kaeni, vijana, niwaambie. Msidhani yametoka kwa mababu. Yana miaka kumi na minne tu, na yalizaliwa mtaa wa Kwa Msare, mimi nikiwa afisa mifugo wa kata. Stashahada yangu nilikuwa nimeitundika ukutani, na sikujua kitu.

Nyuma ya nyumba za mwisho palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha vyuma chakavu. Kila alfajiri walichoma nyaya za umeme ili plastiki iungue, shaba ibaki. Moshi mweusi ulitua kwenye nguo tulizoanika, kwenye vifuniko vya ndoo, kwenye koo. Tukalalamika. Wakaguzi wakaja mara tatu, na mara zote tatu walitanguliza barua ya kusema watakuja lini. Mnadhani walikuta nini? Tanuru baridi, ukuta umepakwa chokaa, soda mezani. Wakaandika kwamba hewa ni safi.

Ubavuni mwa ukuta ule aliishi Mwajabu Shekilindi. Kuku wake wa kienyeji walichakura mchana kutwa. Nanyi mnaijua desturi yetu: mwanamke akijifungua, hulishwa mayai ya kienyeji mpaka arobaini yake iishe. Ukimpelekea mayai ya kisasa umemtukana. Basi Kidawa, mke wa mtoto wa Mwajabu, alikuwa amejifungua binti, na mama mkwe akimlisha mayai mawili kila siku.

Mwezi huohuo niliitwa kwenye mafunzo. Mtaalamu wa maabara, dada mmoja aitwaye Eliakunda, akatueleza kwamba plastiki ya nyaya ikiungua huzaa sumu inayoitwa dioksini. Haina rangi wala harufu. Moshi huondoka, sumu hutua ardhini. Kuku anayechakura huiokota, nayo hukaa kwenye mafuta ya kiini. Anayekula yai huibeba mwilini, na mama humpitishia mtoto kwa maziwa.

"Ukitaka kumfuatilia mchafuzi, usihangaike na hewa ya siku moja," alisema. "Uliza mayai."

Nilirudi mtaani mbio. Mimi ndiye niliyewahimiza wale akina mama wafuge kienyeji! Nikaenda moja kwa moja kwa Mwajabu.

"Unaniambia yai la dukani ni salama kuliko la kuku wangu?" aliuliza.

"Huenda, dada."

"Toka kwangu na cheti chako!"

Kesho yake alikuja na kikapu cha mayai. "Chukua. Ukiwa umeniongopea, nitakutangaza sokoni."

Tulikusanya mayai ya nyumba sita, kuanzia ukutani mpaka ng'ambo ya kijito, na mengine ya kuku wa bandani wanaolishwa chakula cha kununua. Tuliyachemsha yakawa magumu yasiharibike njiani, kisha juu ya kila ganda tukaandika kwa penseli jina la nyumba na hatua ngapi kutoka ukutani. Hatua alizihesabu Mwajabu mwenyewe. Eliakunda akayasafirisha kwenda maabara ya nje ya nchi.

Miezi miwili tulingoja. Mwajabu alimnyima Kidawa mayai ya kienyeji, akampa ya dukani. Majirani wakasema anamchukia mke wa mwanawe. Kidawa mwenyewe alilia. Mwajabu aliendelea kununua ya dukani bila kumweleza mtu sababu.

Majibu yalisomwa kwenye mkutano wa kata. Mayai ya Mwajabu yalikuwa na sumu mara tisa ya kiwango kinachoruhusiwa. Ya nyumba ya pili yalikuwa na sumu pungufu, ya tatu pungufu zaidi. Ng'ambo ya kijito karibu hakuna. Ya bandani yalikuwa safi.

Meneja wa kiwanda akasimama akitabasamu. "Wazee wangu, kuku wenu wanakula jalalani. Mnatusingizia."

"Na kuku wa ng'ambo wanakula pilau?" Mwajabu akamrukia. "Wanachakura takataka zilezile. Mbona wao wazima?"

Watu wakacheka. Meneja hakucheka. "Mama, wakaguzi wamekuja mara tatu. Waliona moshi?"

"Waliona chokaa! Baba, mimi nimemlisha mzazi sumu kwa mkono wangu, nikidhani namheshimu. Wewe ulijua unachoma nini. Mimi nani aliniambia?"

Meneja akakunja karatasi zake. "Alhamisi wakaguzi waje tena. Waangalie wenyewe kama kuna moshi."

Alhamisi wakaja. Tanuru baridi kama kawaida, chokaa mbichi, soda mezani. Meneja akanyoosha kidole kwenye bomba: mbingu ilikuwa samawati tupu. Lakini safari hii mkaguzi alikuwa na karatasi ya Eliakunda yenye majibu ya mayai mkononi. Hakutazama juu hata mara moja. Alitazama chini, miguuni, akauliza:

"Kuku wa hapa wako wapi?"

Uchomaji ulisimamishwa wiki ileile. Kuku wa mtaa mzima walichinjwa wakafukiwa, na udongo wa juu ukakwanguliwa. Mwajabu alishika jembe mwenyewe, akimfukia mtetea mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyefungwa. Hakuna aliyemwomba radhi mpaka leo. Binti wa Kidawa hupelekwa kupimwa kila mwaka. Ni mzima, lakini kila mwaka bibi yake hakai kitako mpaka majibu yatoke. Hayo nani atayalipa?

Kwa hiyo mtu akichafua, kisha akawaita mje muone kulivyo safi, msibishane naye kuhusu mbingu. Inameni. Tafuteni alichoacha chini. Moshi hupaa, yai husema.