Ngiri, Fisimaji na Salamu ya Ziwani

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Pakawa ziwa, na juu yake chombo!

Na chomboni?

— Mtu na shaka zake!

Haya. Mmeitikia, ingawa kuna mmoja hapo nyuma kafumba mdomo. Nimekuona. Sogea mbele, na hiyo sahani ya karanga iache hapo hapo ilipo.

Hapo zamani za kale wanyama walikuwa na ziwa lao. Upande huu walilima, upande wa pili kulikuwa na soko. Kila mwenye biashara alivuka kwa mtumbwi mdogo wa tanga. Ngiri peke yake ndiye aliyekuwa na boti ya injini. Aliipata wapi? Msiniulize mimi. Wenzake walimuuliza, akawajibu, "Mungu ni mwema." Mtu akijibu hivyo, jua kwamba hataki kujibu.

Sasa, ziwa lile lilikuwa na adabu yake. Mwenzako akikupita majini, unamgeuzia ubavu wa chombo, unalegeza kamba ya tanga, unasimama wima, unainua mikono miwili, mnaulizana habari za nyumbani. Wala hukai mpaka apotee machoni. Asiyefanya hivyo alisemwa hana malezi, na binti zake hawakuposwa. Tena kulikuwa na sheria moja: kilichoanguka majini ni cha atakayekiokota.

Basi siku moja Kobe alikuwa akivusha mihogo yake. Ziwa limetulia tuli. Mara, tukutuku, tukutuku, Ngiri huyo!

"Hodi ziwani! Mzee Kobe, nyumbani kwema?"

Kobe akageuza ubavu, akalegeza kamba, akasimama, akainua mikono. "Kwema, mwanangu! Na kwako?"

"Kwema!" Ngiri akapita mbio, akapotea nyuma ya jabali. Kobe bado kasimama, mikono juu. Ghafla mtumbwi ukainuka upande huu, ukalalia upande ule, chubwi! Kobe majini, mihogo majini. Ngiri akarudi mbio, mti wake mrefu wa kusukumia chombo mkononi. "Pole, mzee wangu! Shika upondo!" Akamtoa Kobe, akaiokota mihogo, akaenda zake nayo. Kobe akashukuru mpaka machozi yakamtoka.

Siku ya pili ikawa zamu ya Digidigi, mtumbwi umejaa vibuyu vya asali. Tukutuku, tukutuku. "Hodi ziwani! Digidigi, nyumbani kwema?" Akageuza ubavu, akalegeza kamba, akasimama, akainua mikono. "Kwema! Na kwako?" Ngiri akapotea nyuma ya jabali. Chubwi! Ngiri akarudi, akamtoa Digidigi, akaokota vibuyu.

Minong'ono ikaanza. Upepo haukuwapo. Mwamba haukuwapo. Nani basi anapindua vyombo?

"Mtu wa chini," akasema Kobe.

"Nani anaishi majini?" akauliza Digidigi. "Si Fisimaji? Nilipopinduka nilimwona anakuja kwangu, kichwa juu, anapiga mluzi. Nikampiga kasia la utosi!"

Huyu Fisimaji alikuwa mnyama mpole mwenye manyoya laini, kaoa, anakaa kwenye shimo ukingoni mwa ziwa. Hakuwa msemaji. Na mtu asiyesema, wenzake humsemea. Walianza kumpita bila salamu. Wakawakataza watoto kucheza mlangoni kwake. Mkewe akija kuteka maji, wenzake wanashika ndoo wanaondoka.

Aliyevuma kwa maneno kuliko wote ni Bi Nguchiro. Bibi huyu, jamani, alishuku kila kitu. Akinunua yai, analiweka sikioni alisikilize. Akiletewa chakula, anasubiri kwanza aliyekileta ale. "Ni Fisimaji," akasema. "Mluzi ule ni uchawi. Mimi naapa."

Siku ya tatu yakamfika mwenyewe. Alikuwa anavusha mikeka aliyoisuka msimu mzima. Tukutuku, tukutuku. "Hodi ziwani! Bi Nguchiro, nyumbani kwema?" Akageuza ubavu, akalegeza kamba, akasimama, akainua mikono. Chubwi! Alipoibuka, akamwona Fisimaji anamjia. Akapiga yowe. Ngiri akafika, akamtoa, akaokota mikeka yote, hata ule mdogo wa kuswalia.

Bi Nguchiro hakubadili hata nguo. Akaenda akitiririka maji mpaka kwa Mzee Nyati, mkubwa wa ziwa. Baraza likakaa pale pale. Nyati akatoa hukumu: "Fisimaji afungwe kamba. Kesho jua likitua, yeye na mkewe na wanawe watoke ziwani, waende nchi kavu."

Mke wa Fisimaji akalia. Watoto wake hawajafumbua macho. Nchi kavu wangekufa wote, na kila mtu pale alilijua hilo.

"Niulizeni basi," akasema Fisimaji.

Hakuna aliyemuuliza.

Bi Nguchiro akarudi nyumbani, lakini kitu kikamkereketa rohoni. Akajisemea, "Ngiri alikuwa keshapita nyuma ya jabali. Injini ile inaziba masikio. Yowe langu alilisikiaje? Tena alikuja na upondo mkononi, kama anayejua anakuja kuokota." Akageuka huku, akageuka kule. Mwishowe akaenda alikofungwa Fisimaji.

"Wewe! Ulikuwa unatafuta nini pale nilipopinduka?"

"Leo ndiyo unauliza, Bi Nguchiro?" Fisimaji akamtazama. "Ngiri akipita anaburura mawimbi nyuma yake. Yeye anakwenda, mawimbi yanabaki, yanatembea polepole mpaka yafike. Kwangu yanaingia hadi wanapolala watoto. Nikisikia tukutuku natoka mbio niyaangalie. Nanyi nawaona mmesimama, mmeyapa ubavu. Nawapigia mluzi mkae. Mnasema mchawi. Nikija kuwatoa, mnanipa kasia."

Mnadhani bibi alimwamini? Thubutu! "Hilo nitaliona kwa macho yangu," akasema. "Na ukiwa umenidanganya, hizo kamba nitaziongeza fundo."

Asubuhi akawaficha kwenye matete Mzee Nyati, Kobe na Digidigi, na Fisimaji katikati yao, kamba mikononi. "Mkazieni macho huyu," akawaambia. "Halafu mnitazame mimi." Akajaza makapi kwenye vikapu, akavifunika vizuri kama mali, akatweka tanga.

Tukutuku, tukutuku! "Hodi ziwani! Bi Nguchiro, nyumbani kwema?"

Bi Nguchiro hakusimama. Hakuinua mkono. Aliketi, kamba ya tanga kaishika sawasawa, macho kwenye maji.

"Lo!" Kobe akanong'ona matetini. "Hakuitikia! Kalelewa na nani huyu?"

Ngiri akapotea nyuma ya jabali. Na hapo, jamani, wote wakayaona: mawimbi matatu yanakuja pole pole, yamefuatana, hakuna aliyeyasukuma. Bi Nguchiro akayaelekezea omo, ile mbele ya chombo. Mtumbwi ukapanda, ukashuka. Ukapanda, ukashuka. Ukapanda, ukashuka. Hata tone halikuingia.

Nyati akamtazama Fisimaji. Yupo. Kamba zipo.

Ngiri akaja mbio na upondo wake, akamkuta bibi mkavu. Akakasirika. Akazunguka, akapita tena, karibu zaidi. "Hodi ziwani! Mama, husikii? Nyumbani kwema?" Bibi akaelekeza omo. Mtumbwi ukapanda, ukashuka.

Mara ya tatu akaja kasi kuliko siku zote, maji yanaruka nyuma yake. Akasema moyoni, nikisimama mimi, ataona haya, atasimama. Alipomkaribia akaizima injini, akageuza ubavu, akasimama wima, akainua mikono miwili. "Hodi ziwa..."

Alisahau kwamba mawimbi yake yalikuwa yanamfuata, na mawimbi hayazimwi pamoja na injini. Yakamkuta ubavuni. Chubwi!

"Nakufa, jamani! Nakufa!" Ngiri hajui kuogelea. Mtumbwi wa Bi Nguchiro ulikuwa umeshasukumwa mbali, na upepo unamkataza kurudi.

Matetini wote wakamgeukia Fisimaji. Nyati akazikata kamba kwa pembe yake. "Haraka, nenda!"

Fisimaji hakuondoka. Aliiacha mikono yake vile vile, imeshikana.

"Siendi," akasema. "Nikimshika, mtasema ni mimi niliyemvuta. Nikimtoa kafa, mtasema nimemuua. Mara tatu nimekuja kuwatoa. Nifungeni tena, nikae mnaponiona."

Kobe akainama. Digidigi, aliyempiga kasia, akalia kwa haya. Kichwa cha Ngiri kikazama, kikaibuka.

Ndipo sauti ikatoka ziwani. Ilikuwa ya Bi Nguchiro, aliyeona hakuna anayetoka matetini. "Fisimaji! Mimi ndiye niliyeapa kwa nisichokiona! Umesikia? Mimi! Waliopo wote ni mashahidi. Nakuomba, mtoe!"

Fisimaji akajitupa majini. Akamburura Ngiri kwa sikio mpaka mchangani. Ngiri akatapika maji, akapiga magoti, akasema yote: mihogo, asali, mikeka, jinsi alivyojificha nyuma ya jabali akihesabu mawimbi. Boti yake ilikuwa imeshazama, na hakuna aliyeililia.

Nyati akatangaza Fisimaji hana kosa. Shangwe! Wakapika, wakachukua kibuyu cha asali, wakaenda mlangoni kwake kumwita karamuni.

Shimo tupu. Alikuwa amewabeba wanawe mdomoni, mmoja mmoja, akahama na mkewe kwenda kusikojulikana. Bi Nguchiro akaita. Akaita. Akaita tena. Hakuitikiwa.

Ndiyo maana mpaka leo Ngiri akila hupiga magoti. Na Fisimaji akimwona mtu yeyote, hata mwenye heri, huzama. Na tangu siku ile, aliyepinduka katika ziwa lile hakuwa tena na wa kumtoa.

Funzo lake ni hili, na msijifanye hamkusikia: wimbi halipewi adabu, hupewa omo. Anayekimbilia kukuokoa, mtazame kashika nini mkononi. Na yule unayemshuku, muulize kabla hujamfunga, kwa maana kamba hufunguliwa, lakini moyo uliofungwa haufunguki kwa asali.

Hadithi yangu naifunga hapa ufukweni. Ikiwa nzima, ipandeni nyote mwende nayo. Ikiwa inavuja, niachieni mwenyewe niikumbe maji.