Nyuki ni Mifugo

Jumatatu asubuhi, siku moja kabla ya kurina asali, Diwani Kasanda alidai mizinga yote ya Nyamizi mbele ya baraza la kata. Nyuki wa Nyamizi, alisema, walikuwa wameingia kula katika shamba lake la alizeti, na sheria ndogo ilimruhusu mwenye shamba kuchukua mifugo ya namna hiyo.

"Nyuki ni wadudu, Mheshimiwa," Nyamizi alisema. "Sheria hii ilitungwa kwa ajili ya ng'ombe na mbuzi."

"Nani kakwambia? Mimi ndiye niliyeipitisha! Imesema mifugo. Kinachofugwa ni mfugo. Kwani wewe nyuki huwafugi?"

"Nawafuga."

"Basi umekwisha, mama." Baraza likacheka.

"Na neno hilo lina maana hiyo hiyo sheria nzima? Lisije likageuka huko mbele."

"Nzima, mwanzo hadi mwisho! Mwenyekiti, andika, asije akatulilia kesho."

Mwenyekiti aliandika. Nyamizi akamshukuru Diwani kwa kumwelimisha, kisha akaomba kisomwe kifungu kinachofuata. Diwani alikuwa amekipitisha bila kukisoma. Kilisema kwamba mchukuaji ataihesabu mifugo yeye mwenyewe, mmoja mmoja, mbele ya mwenye nayo. Asipofanya hivyo, hana haki nayo.

Baraza zima liliwasindikiza hadi kwenye mizinga.

"Karibu, Mheshimiwa," Nyamizi alisema. "Anza na yeyote."

Watu walikuwa wakitazama, hivyo Diwani akafunua mzinga wa kwanza.

Mara ya mwisho alionekana ndani ya birika la kunyweshea ng'ombe, maji yakimfika puani. Siku ya Jumanne, Nyamizi alirina asali yake.