Chumba cha Kumlaza Kibwana

Sogeeni karibu, na mwenye mtoto amshike mkono, maana wa Tausi alikuwa hashikiki.

Kibwana alikuwa na miaka miwili na miguu isiyojua kutulia. Mama yake, Tausi, akiwa mjamzito, alisafiri naye kwenda harusini Tanga pamoja na mawifi zake watatu. Siwema alikuwa na jicho la kuona hatari. Riziki alikuwa na mdomo: angemwomba bwana harusi koti lake akapewa. Mwajabu alikuwa na sikio, hata mchwa wakitafuna anasikia.

Hotelini walipewa chumba ghorofa ya tatu. Kabla ya kutua mizigo, Siwema alipiga magoti akatambaa chumba kizima kama mtoto, mtu mzima na gauni lake la safari. Alipofika roshani akapitisha mkoba wake kati ya nondo. Ukapita.

"Na Kibwana atapita. Wifi, hapa hatulali."

Tausi akamnyakua Kibwana akambeba.

Riziki akashuka mapokezi. Vyumba vya chini vimejaa, akaambiwa. Hakubishana, akawafuata vijana wa bendi ya harusi, akawabembeleza mpaka wakacheka, wakahamia juu na ngoma zao. Chumba cha chini kikapatikana, ila mlango wake ulitazama bwawa la kuogelea.

"Wifi, yale maji yananitisha," Tausi alisema.

"Usihofu, mlango tutaufunga," Riziki akamjibu.

Jioni wakawa wanavaa. Mwajabu alitoka kufuata pasi, na aliporudi akasahau komeo. Akiwa ananyoosha gauni, akasikia viatu vya Kibwana, vile vya kulia pwii pwii, vikilia nje. Akaitupa pasi, akakimbia, akamdaka mguu mmoja ukiwa tayari juu ya maji. Tausi alilia hadi harusi ikampita.

Sasa Tausi amejifungua binti. Mumewe kasema, "Apewe jina la dada yangu aliyemponya Kibwana. Mama yake ndiye atakayemtaja."

"Bila mimi angeanguka toka juu," anasema Siwema.

"Bila mimi mngelala hukohuko juu," anasema Riziki.

"Nyie ndio mliompeleka majini!" anasema Mwajabu.

"Na mlango aliuacha wazi nani?" wanamrudishia wenzake.

Kesho mtoto anapewa jina. Mawifi wote wako sebuleni, kila mmoja na kanga mpya ya somo wake, mtoto atakayebeba jina lake. Tausi kajifungia chumbani, anaogopa kutoka, maana akimtaja mmoja atawapoteza wawili.

Msiniangalie mimi. Wewe ungekuwa Tausi, ungefungua mlango na jina la nani mdomoni?