Neno la Kisimani

Neno lisilochezewa hushika kamba. Haya, mmeuliza lilikotoka, basi tulieni mnisikilize, maana nyinyi "stopu" mnaimwaga ovyo kama maji ya kuoshea vyombo. Methali hii ilianza hivi.

Huko Ugogoni, visima vilipochimbwa kwa sururu, wachimbaji walikuwa na neno moja la Kizungu: stopu. Walilichukua kwa fundi mmoja wa mitambo, wakalitengea kazi moja tu. Aliye shimoni akilitamka, walio juu wanaganda palepale. Hawavuti, hawaachii, hawaulizi. Nje ya kisima hata mlevi hakuthubutu kulitamka.

Mbeleje ndiye aliyewaongoza wanawake wa kamba, na mumewe Chalula alikuwa chini, pima kumi na mbili. Shemeji yake Mwaluko, mgeni kutoka mjini, alishinda asubuhi nzima akiwafokea mbuzi, "Stopu! Stopu!"

"Shemeji, hilo si neno la mbuzi," Mbeleje alimwambia.

"Kwani maana yake si simama tu?"

"Anayeambiwa simama huuliza kwa nini."

Mwaluko akacheka.

Adhuhuri walikuwa wakivuta jiwe kubwa. Lilipofika katikati, sauti nyembamba ikapanda kutoka shimoni: "Stopu!"

Miaka tisa ya kuvuta kamba, Mbeleje hakuwahi kulisikia. Wanawake wote sita waliganda, na waliokuwa wakitwanga pale jirani wakaacha michi hewani. Kamba ikamla Mbeleje viganja mpaka damu.

"Vuteni, limebaki kidogo!" Mwaluko alihimiza. "Au basi liachieni!"

"Limeshasemwa," Mbeleje akajibu, meno yameumana. Alihofia uhai wa mumewe, lakini hakusogea.

Kule shimoni, juu kidogo ya jiwe, kamba ilikuwa imenasa nyuma ya mwamba uliopasuka. Wangevuta, ukuta ungemfukia Chalula. Wangeachia, jiwe lingemponda. Akapanda polepole kwa vidato vya ukutani, akalipita jiwe. Kichwa kikatokea, kisha magoti.

"Achieni," akasema.

Waliachia. Ardhi ikatetemeka, kisima kikajifukia chote, vumbi likawafunika. Mbeleje akaketi chini, akalia kwa sauti. Jamani, neno moja tu, na mume wa mtu yu hai!

Jioni mbuzi waliingia kwenye shamba la uwele. Mwaluko akafungua mdomo, akaufumba, akawakimbilia kwa miguu yake mwenyewe.

Neno lisilochezewa hushika kamba.