Asali ya Drimo

Huko Uyunani ya kale, mlima mmoja ulikuwa na mwenyewe: Drimo, nimfu, roho wa kike mlinzi wa misonobari. Siku moja tajiri Kleandro alifika na wakata miti wake.

"Nipishe! Misonobari hii yote naikata nijenge kasri."

"Nani akuzuie, bwana? Ila tumbo tupu halinyanyui shoka. Karibuni kwanza nyumbani kwangu, chini ya misonobari hii."

Akawanawisha, akawaandalia jibini na asali. Kleandro alikula hadi akajilamba vidole.

"Umeshiba? Sema kwa nguvu, mlima usikie."

"Nimeshiba nyumbani kwa Drimo!" Kleandro alinguruma, na mabonde yakaitikia.

"Basi kata," Drimo akacheka. "Zeu, mungu mlinzi wa ukarimu, humpiga radi mgeni anayebomoa nyumba alimolishwa, naye amekusikia."

Kleandro aligeuka kuwatazama wakata miti. Yalibaki mashoka tu.